Kabla ya Rambo, Kyela Ilikuwa na Jani la Mgomba

Siku hizi mtu akienda sokoni na kikapu chake anajipiga picha, anaposti. Kyela hiyo ni habari ya zamani sana.

Mwaka 1879 Mskoti mmoja, kijana tu, alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alivisifia vijiji vya Wanyakyusa: migomba kila upande, nyumba nadhifu, usafi mtupu. Na gari la taka halikuwepo! Jiko lenyewe halikuacha cha kutupa. Ndizi zinapikwa nyumbani, jani la mgomba linafunika chungu, maganda na samadi ya ng'ombe vinarudi kwenye migomba.

Halafu likaja rambo. Jepesi, bei poa, ila likitupwa halirudi shambani. Mvua inalisukuma hadi Mto Songwe, mto unalipeleka ziwani, kwa samaki hao hao wanaoliwa Kyela.

Ng'ambo ya daraja la Kasumulu, Malawi ilipiga marufuku plastiki nyembamba mwaka 2015, kesi zikaivuta kwa miaka. Tanzania ikapiga marufuku mifuko yake tarehe 1 Juni 2019.

Sheria ikakataza rambo. Chupa za soda na vifuko vya biskuti bado vipo. Bibi hakusubiri sheria, alipika tu nyumbani.

Kwenu jana mmetupa nini?