Kikuza Sauti cha Mfukoni: Asili Yake na Uteuzi Wake

Mtu asikilizaye muziki safarini hutaka mambo mawili ambayo ni nadra kukaa pamoja: wepesi wa mzigo na ukamilifu wa sauti. Ala nzito hukaa nyumbani, ikapata umeme wake ukutani na nafasi yake mezani. Ala nyepesi humfuata mwenyewe njiani, lakini huishi kwa betri, na betri ni ghala dogo. Kati ya haja hizi mbili kilizaliwa chombo kiitwacho kikuza sauti cha mfukoni, yaani amplifaya ndogo ikaayo kati ya kicheza muziki na hedifoni za msikilizaji. Wako waliokisifu chombo hiki kupita kiasi, na wako waliokibeza kupita kiasi vilevile. Historia yake ndiyo mwamuzi mwema baina ya makundi hayo, kwa sababu mtu asiyejua kilitungwa kwa haja gani hawezi kujua kama haja hiyo ni yake.

Hedifoni ni kongwe kuliko kikuza sauti. Katika maonyesho ya umeme yaliyofanyika Paris mwaka wa 1881, Mfaransa Clément Ader alipitisha nyimbo za jumba la opera katika nyaya za simu, na wasikilizaji wakashika kisikizio kimoja katika kila sikio. Nguvu iliyowafikia ilikuwa ile tu iliyotumwa na maikrofoni za jukwaani. Njiani hapakuwa na chombo cha kuiongeza. Aliyetaka kusikia vizuri hakuwa na la kufanya ila kunyamaza na kutega sikio.

Miaka ipatayo thelathini baadaye, Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah katika Marekani, alilishika tatizo hilo kwa upande mwingine. Maadamu nguvu haikuweza kuongezwa, yeye alikusudia isipotee hata chembe. Ndani ya kisikizio chake kipande chepesi cha chuma kilisawazishwa katikati ya nguvu za sumaku, na mtikisiko wake ukapelekwa kwenye kiwambo cha ulanga. Katika mwaka wa 1910 aliwapelekea jeshi la majini la Marekani mfano wa kazi yake. Mafundi wa jeshi walioupima waliona kwamba ulisikika vizuri kuliko visikizio walivyokuwa navyo, wakataka wapewe zaidi. Baldwin alikuwa akivitengeneza jikoni mwa nyumba yake, vichache kwa wakati mmoja. Hivyo jiko la nyumba likawa karakana ya masikio ya manowari.

Wakati huohuo njia ya pili ilikuwa ikifunguka. Lee de Forest, Mmarekani pia, alikuwa ameitunga taa ya umeme yenye ncha tatu mwaka wa 1906, na baada ya miaka michache ilijulikana kuwa taa hiyo inaweza kupokea umeme dhaifu na kuutoa ukiwa na nguvu zaidi. Mwaka wa 1915 vikuza sauti vya taa vilibeba maneno ya simu kutoka New York mpaka San Francisco. Tangu siku hizo mafundi wa sauti wamekuwa na njia mbili mbele yao: kukifanya kisikizio kiwe kisikivu, au kuiongeza nguvu inayokiendesha. Historia yote iliyofuata, pamoja na ushauri wowote mwema kwa mnunuzi, inakaa ndani ya uchaguzi huo.

Taa za umeme zilikuwa na njaa. Zilitaka moto wa kuzipasha na umeme wa volti nyingi, kwa hiyo hazikuweza kuingia mfukoni kwa urahisi. Mlango ulifunguliwa na transista, iliyotungwa katika maabara za Bell mwezi wa Desemba mwaka wa 1947. Mwaka wa 1954 iliuzwa Marekani redio ndogo iitwayo Regency TR-1, yenye transista nne, kwa bei ya dola 49.95. Mtu aliweza sasa kutembea na kikuza sauti mwilini mwake, ingawa sauti ilikuwa nyembamba na kisikizio kilikuwa cha sikio moja.

Lakini hedifoni bora hazikwenda njia hiyo. Hedifoni za stirio alizozitoa John Koss huko Milwaukee mwaka wa 1958 zilikuwa za kusikilizia muziki nyumbani. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilipotoa hedifoni za HD 414 mwaka wa 1968, ukinzani wake ulikuwa omu 2,000. Ukinzani wa namna hiyo haukuwa kosa, kwani chombo cha nyumbani kilikuwa na volti za kutosha kuzisukuma. Taabu ilikuwa ikingoja siku ambayo hedifoni za nyumbani zingechomekwa katika chombo cha njiani.

Siku hiyo ilifika pamoja na Walkman, iliyotolewa na kampuni ya Sony ya Japani tarehe 1 Julai 1979. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, alitaka chombo chepesi cha kumburudisha katika safari ndefu za ndege, na mafundi wakamtengenezea. Chombo kiliendeshwa na betri mbili ndogo, jumla yake volti 3. Hapa hesabu ni kali kuliko matangazo. Wimbi la sauti haliwezi kupanda juu ya umeme unaolilisha. Na kwa volti 3, hata saketi isiyopoteza kitu haitoi zaidi ya volti 1 na kidogo ya kazi. Likilazimishwa kupita hapo, kilele cha wimbi hukatwa, na ngoma iliyopaswa kudunda hutoa mkwaruzo. Sony walilijua jambo hilo, nao walifuata njia ya Baldwin: chombo kilitoka pamoja na hedifoni nyepesi zilizofanywa kwa ajili yake. Aliyezitumia hizo hakuwa na haja ya kitu kingine. Aliyechomeka hedifoni zake nzito za nyumbani ndiye aliyekuta sauti imesinyaa.

Kwa ajili ya mtu huyu wa pili kikuza sauti cha mfukoni kilianza kuuzwa. Mmojawapo wa watangulizi wa biashara hiyo alikuwa Tyll Hertsens, aliyeanzisha kampuni ya HeadRoom katika mji wa Bozeman, Montana, mwaka wa 1992. Vikuza sauti vyake vilikuwa na jambo la ziada lililotokana na fikira za mhandisi Siegfried Linkwitz, aliyeandika mwaka wa 1971 kuhusu kasoro moja ya hedifoni. Mtu akikaa mbele ya spika mbili, sikio lake la kushoto husikia pia spika ya kulia, ila kwa kuchelewa kidogo. Katika hedifoni kila sikio hufungiwa upande wake, na muziki huonekana kukaa ndani ya kichwa. Linkwitz alionyesha saketi ya kuvusha sehemu ya sauti kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Wako waliopendezwa na dawa hiyo, na wako walioona ugonjwa ulikuwa afadhali.

Mwaka wa 1998 Chu Moy alitangaza mchoro wa kikuza sauti ambacho mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu aliweza kukiunda. Kilikuwa na saketi moja ya silikoni, vipande vichache vya gharama ndogo, na betri ya volti 9. Wanafunzi na mafundi wa nyumbani walikiweka katika vikopo vya bati vya peremende, na vikopo hivyo vikawa alama yake. Faida yake kubwa haikuwa uchawi wowote. Betri ya volti 9 ina nafasi ya wimbi mara tatu ya betri mbili za Walkman. Hedifoni zenye ukinzani mkubwa zilipata volti zilizokuwa zimezikosa.

Kisha biashara ilinona. Vikuza sauti vikaanza kuuzwa kwa bei za kutisha, na sifa zake zikaandikwa kwa maneno ambayo hayapimiki. Mwaka wa 2011 mtu mmoja aliyejificha nyuma ya jina la NwAvGuy alitoa mchoro wa kikuza sauti cha O2, akauambatanisha na vipimo vya mvumo, vya upotofu wa wimbi na vya ukinzani wa ndani, akauacha wazi kwa kila mtu. Hoja yake ilikuwa kwamba chombo cha bei ndogo kinaweza kutimiza kila ambacho sikio linaweza kutambua. Mwaka wa 2012 alinyamaza, na jina lake la kweli halikutangazwa. Aliacha nyuma swali lenye uzito kwa wanunuzi na wauzaji pamoja: sifa hii inayouzwa, inapimwa kwa nini?

Swali hilo ni la lazima kwa sababu sikio ni shahidi anayedanganywa kwa urahisi. Vyombo viwili vinapolinganishwa, kile chenye sauti kubwa kidogo huonekana kuwa bora, hata kama tofauti ya ukubwa haikutambuliwa. Wahenga walisema kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Mvumo si ushahidi wa kujaa. Ulinganishaji wa haki hutaka sauti zisawazishwe kwa kipimo kwanza, na msikilizaji asijue ni chombo kipi kinachopiga. Tofauti nyingi zilizosifiwa zimeyeyuka katika jaribio la namna hiyo.

Kutokana na historia hii uteuzi wa kikuza sauti una utaratibu wake. Jambo la kwanza ni kujua hedifoni zenyewe. Chombo kinachotoa nusu volti huzipa hedifoni za omu 32 karibu miliwati 8. Hedifoni za omu 300, kama zile za HD 600 za mwaka wa 1997, hupata kwa volti hizo hizo chini ya miliwati 1. Usikivu nao una neno lake: hedifoni zinazotoa desibeli 91 kwa miliwati moja zinahitaji nguvu karibu mara 8 ili kulingana na zile zinazotoa desibeli 100. Mwenye hedifoni sikivu hana deni la kulipa kwa kikuza sauti. Mwenye hedifoni nzito anapaswa kutafuta volti, na asiridhike na wingi wa miliwati ulioandikwa kwa omu 16 tu.

Jambo la pili ni ukinzani wa ndani wa kikuza sauti chenyewe. Katika miaka ya 1990 kiini cha kusawazishwa, cha ukoo ule ule wa Baldwin, kilitoka katika vifaa vya kusaidia kusikia kikaingia katika visikizio vya ndani ya sikio vya wanamuziki. Visikizio hivyo ni visikivu sana, lakini ukinzani wake hubadilika kutoka sauti ya chini hadi ya juu. Kisikizio chenye omu 8 mahali pamoja na omu 40 mahali pengine, kikitiwa katika chombo chenye omu 10 za ndani, hupotoshwa kwa desibeli 5. Katika chombo chenye omu 1, upotofu haufiki desibeli 1. Kwa visikizio vya namna hiyo kikuza sauti chenye nguvu nyingi huweza kuwa hasara, kwani huleta pia mvumo wake mwenyewe katika utulivu wa muziki.

Jambo la tatu ni kuangalia kama chombo kina mahali pa kukaa. Simu ya iPhone 7 ilipotoka mwaka wa 2016 bila tundu la hedifoni, kikuza sauti kilihamia ndani ya waya mfupi uliouzwa kwa dola 9. Hedifoni zisizo na waya huchukua kikuza sauti chao ndani yao. Mwenye kuzisikiliza kwa njia hiyo akinunua kingine amenunua pambo.

La mwisho ndilo kubwa. Mwaka wa 1996 Ufaransa iliweka sheria ya kuvizuia vicheza muziki vya mfukoni visivuke desibeli 100. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, lilitoa kipimo cha usalama kwa watu wazima: desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma. Kila desibeli 3 zinazoongezwa huukata muda huo nusu, hata desibeli 89 zikaacha saa 5 tu. Shirika hilo limekadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wamo hatarini kwa usikilizaji usio salama. Kikuza sauti kikaacho nje ya kicheza muziki hupita juu ya kikomo kilichowekwa ndani yake, wala hakimuulizi mwenyewe. Mtu anayepandisha sauti ili ashinde kelele za basi hahitaji nguvu zaidi. Anahitaji kisikizio kinachozuia kelele zisiingie, ili sauti ndogo imtoshe.

Hivyo chombo hiki kina kazi ya kweli, na kazi hiyo ina mipaka. Kilitungwa ili kulipa upungufu wa volti katika vyombo vya betri, na palipo na upungufu huo hulipa kwa uaminifu. Pasipo na upungufu hakina cha kulipa. Mnunuzi mwenye busara hupima kwanza hedifoni zake, kisha chombo alicho nacho, kisha bei. Vyote hivyo vikiharibika vina maduka yake. Sikio halina duka.