Dagoretti: Soko la Mpakani na Chanzo cha Kiswahili Nairobi

Katika maandishi mengi juu ya historia ya Kiswahili nchini Kenya, lugha hii huelezwa kana kwamba ilishuka Nairobi kutoka katika gari la moshi mwaka 1899. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaianza hadithi katikati. Kabla ya stesheni palikuwa na soko. Nalo halikuwa mahali ulipo mji wenyewe leo, bali upande wake wa magharibi, kati ya Dagoretti na Ngong, penye mpaka wa Wakikuyu na Wamasai. Makala haya yanakusudia kulichunguza soko hilo na nafasi ya Kiswahili ndani yake.

Mpaka wenyewe haukuwa mstari. Ulikuwa ukanda wa msitu: nyuma yake mashamba ya Wakikuyu, mbele yake mbuga za Wamasai. Mkulima alihitaji mifugo na ngozi. Mfugaji alihitaji nafaka, tumbaku na vibuyu. Kwa hiyo biashara haikukatika hata pale vijana wa pande mbili walipokuwa wakipigana. Wanawake ndio walioubeba mzigo huu, kwani desturi iliwakinga na mkuki, nao waliweza kuvuka na kurudi salama.

Misafara ya pwani ililikuta soko hili likiwa tayari limesimama. Wafanyabiashara wa Mombasa na Pangani waliotafuta pembe za ndovu walitua mahali walipopaita Ngongo Bagas, wakanunua chakula cha kuwavusha katika nchi ya wafugaji isiyolimwa. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, na Teleki mwaka 1887. Wote wawili walifuata njia ambazo Waswahili walikwisha kuzijua. Mwaka 1870 Wakefield alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya njia za misafara, ambayo mengi aliyapata kwa Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa karibu na Gazi.

Jina lenyewe lina somo kwa mwanaisimu. Kwa Kimasai, enkong'u ni jicho na pia chemchemi. Hivyo Ngongo Bagas ni chemchemi ya mto tuuitao leo Mbagathi. Mswahili, ambaye naye husema jicho la maji, hakuwa na haja ya kubuni jina jipya. Alilichukua la wenyeji na kulilainisha kwa ulimi wake.

Hata hivyo, tusikipe Kiswahili sifa kisiyostahili. Wakikuyu na Wamasai hawakukihitaji ili kuelewana. Walikuwa wameoana, wakapokeana watoto wakati wa njaa, na hata katika jando la Wakikuyu palikuwa na utaratibu ulioitwa Ukabi, yaani wa Kimasai. Wengi wa mpakani walizisema lugha zote mbili. Kiswahili kilikuwa lugha ya tatu, lugha ya mgeni mwenye shanga, nguo na masango aliyehitaji kula.

Mgeni huyo alibadilika mwaka 1890. Mwezi wa Oktoba, Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alijenga boma Dagoretti baada ya kula yamini ya udugu na Waiyaki wa Hinga. Aliondoka akamwachia Wilson boma. Muda si muda watu wa misafara wakawa wanajichukulia mazao mashambani, jambo ambalo Lugard mwenyewe alilikiri katika kitabu alichokitoa mwaka 1893. Boma lilihamwa mwaka 1891, na jingine, la Smith, likajengwa Kabete. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa; akafa Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Hivyo neno la Kiswahili lililokuwa limesikika sokoni likiuliza bei, sasa lilisikika shambani likiamrisha.

Reli ilipofika, mji ulikua mashariki ya soko hili, na serikali ikaugeuza ukanda kuwa mstari. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamasai, na hifadhi za makabila zikatengwa. Lakini mahitaji hayakuhamishwa. Hadi leo ng'ombe hutoka Kajiado na kwingineko kuingia katika vichinjio vya Dagoretti, na nyama ikapelekwa katikati ya jiji. Na sasa Kiswahili hutumiwa katika kupatana bei kati ya watu ambao babu zao hawakukihitaji.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayodai uchunguzi. Tukiianza historia ya Kiswahili cha Nairobi kwenye stesheni, tutaiona kuwa lugha ya reli na ofisi tu. Tukiianza Dagoretti, tutaikuta kwanza ikiomba chakula, kisha ikikinyang'anya, na mwishowe ikikigawa. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake sehemu ya kwanza na ya tatu, akaificha ya pili, hajawafundisha historia ya lugha. Amewasimulia sifa zake tu.