Somo la Redio: Vijidudu Vilivyoishinda Dawa

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza habari za penisilini, na jinsi vijidudu viitwavyo bakteria vilivyopata kuishinda.

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Daktari Alexander Fleming aliona kuvu imeota katika kisahani alimokuwa akioteshea vijidudu vya majipu. Karibu na kuvu hiyo vijidudu vilikuwa vimekufa. Humo ndimo ilimopatikana penisilini. Zamani jeraha dogo likioza liliweza kumwua mtu mwenye nguvu zake. Dawa hiyo iliwaokoa wengi.

Mwaka 1945 Fleming alipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake alitoa onyo kwa mfano. Bwana mmoja anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo tu. Vijidudu havifi vyote, navyo vinamwambukiza mkewe. Mke anatibiwa kwa dawa ile ile, lakini haimfai, naye anakufa. Fleming akauliza: ni nani aliyesababisha kifo chake?

Onyo hilo halikukawia kutimia. Daktari Mary Barber alipima vijidudu vya majipu vilivyotoka kwa wagonjwa wa hospitali ya Hammersmith, London. Mwaka 1946, katika kila wagonjwa 100 kama hao, 14 walikuwa na vijidudu visivyouawa na penisilini. Mwaka 1947 wakawa 38. Mwaka 1948 wakafika 59.

Ninyi wakulima mtaielewa sababu. Jembe hukata majani laini, lakini ndago hubaki ardhini. Majani yakiisha, ndago hujipatia shamba zima. Vivyo hivyo penisilini iliua vijidudu dhaifu. Vile vilivyoweza kuivunja dawa vikabaki, vikazaana, vikapita kutoka mgonjwa hata mgonjwa.

Ikaletwa dawa mpya, methisilini. Mwaka 1961 ikatangazwa huko huko Uingereza kwamba vimeonekana vijidudu vilivyoishinda hata hiyo. Leo vimo katika hospitali za nchi nyingi, na Afrika Mashariki pia.

Basi ndugu, msinunue dawa hizi bila kupimwa. Mkipewa, zitumieni kama mlivyoagizwa, kwa siku zote mlizoambiwa. Msimgawie jirani masalio. Tena naweni mikono kwa sabuni baada ya kumwuguza mgonjwa.

Swali la kujibu: Kwa nini hesabu ya Hammersmith ilipanda mwaka hata mwaka?