Kibra na kura zake: Mwelekeo mmoja, sababu nyingi

KWA zaidi ya miaka thelathini, Kibra imetajwa kuwa ngome ya Raila Odinga. Sifa hiyo ina msingi, lakini haielezi yote. Wakazi wa mtaa huo wa Nairobi wamekuwa wakielekea upande mmoja katika uchaguzi wa urais, ilhali wao kwa wao wamegawanyika kuhusu ardhi, kodi ya nyumba na nani anayestahili kuitwa mwenyeji.

Wenyeji wa awali wa makazi hayo ni Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Jina la mtaa linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea zaidi ya ekari 4,000, lakini haikuwapa hatimiliki. Baada ya uhuru ardhi hiyo ilibaki mikononi mwa serikali, huku Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu wakihamia humo kutafuta kazi jijini. Wengi wao ni wapangaji katika mabanda ambayo wenyewe hawana hati za ardhi.

Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, Raila alinyakua kiti cha Lang'ata kilichokuwa kikishikiliwa na Philip Leakey wa KANU. Wakati huo Kibra ilikuwa sehemu ya eneobunge hilo. Aliingia kwa tiketi ya FORD-Kenya, kisha akachaguliwa tena akiwa na NDP mwaka 1997, NARC mwaka 2002 na ODM mwaka 2007. Vyama vinne, mbunge mmoja: wapiga kura walimfuata mtu kuliko chama.

Utiifu huo haukuondoa uhasama wa ndani. Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya Rais Daniel arap Moi na Raila, aliyekuwa waziri katika serikali yake, kutamka kuwa kodi za Kibera zilistahili kupunguzwa, mapigano yalizuka kati ya wapangaji, wengi wao Waluo, na wenye nyumba, wengi wao Wanubi. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Tangu hapo swali la kodi halijatengana na la kabila.

Uchaguzi wa 2007 uliongeza uzito wa kura za eneo hilo. Katiba ya wakati huo ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Kwa hiyo kumshinda Raila Lang'ata kungemfungia mlango wa Ikulu. Stanley Livondo wa PNU alijaribu, akashindwa. Matokeo ya urais yalipozua utata, Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya. Vijana waling'oa reli inayopita mtaani humo. Mkataba wa kugawana mamlaka ulitiwa saini Februari 28, 2008.

Kuanzia uchaguzi wa 2013 Kibra ilisimama peke yake ikiwa na wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Ken Okoth wa ODM alichaguliwa mwaka huo na tena mwaka 2017. Lang'ata iliyobaki ilienda kwa Jubilee mwaka 2017, ishara kwamba maeneo hayo mawili hayakuwa na mwelekeo sawa.

Pande zote zilifahamu uzito wa ardhi. Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Julai 2018, miezi michache baada ya mapatano yake na Raila, matingatinga yalibomoa nyumba na shule kupisha barabara mpya. Maelfu walikosa makao, na ukaribu wa viongozi hao wawili haukuwaokoa.

Okoth alifariki Julai 2019. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 7, nduguye Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, mwanasoka McDonald Mariga wa Jubilee 11,230 na Eliud Owalo wa ANC 5,275. Kati ya kura za watatu hao, mbili katika kila tano hazikwenda ODM. Kwa jumla, watatu hao walipata kura 41,141, ilhali waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 118,000. Chaguzi ndogo huvutia watu wachache kwa kawaida, lakini jina la Raila pia halikuwa kwenye karatasi ya kura.

Mwaka 2022 ODM ilikihifadhi kiti hicho kupitia Peter Orero. Raila alifariki Oktoba 15, 2025. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 ndio wa kwanza tangu 1992 ambapo mpiga kura wa Kibra hatalikuta jina lake, iwe kwa ubunge au kwa urais. Atakayerithi kura hizo atakuta madai yale yale yakimsubiri: mpangaji anataka kodi anayoimudu, Mnubi anataka ardhi yake itambuliwe, na wote wawili wanataka kuwa na hakika kwamba nyumba wanayolala leo itakuwapo kesho.