Nguo Zilifika Buha, Ginani Zikabaki Ndani

Novemba 1871 mpelelezi Henry Stanley alikuwa amebakiza siku chache tu kufika Ujiji, na Waha walikuwa wakimkamua. Mkuu mmoja aliyeitwa Mionvu alikuwa amekwisha kumtoza mzigo mkubwa wa nguo kama hongo, yaani ushuru wa kupita, na wengine walikuwa wakimsubiri mbele. Stanley akaona bora aondoke usiku, msafara mzima ukinyata porini. Ndiyo Buha, nchi ya Waha, ya wakati ule. Njia kuu ya Tabora hadi Ujiji iliambaa kusini, kwenye chumvi ya Uvinza, huku nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zikiachwa kando.

Nguo za hongo zilitokana na mikopo ya Unguja, na wakopeshaji wengi walikuwa Wahindi wa Kachchh na Gujarat: Wabhatia waliomwabudu mungu Vishnu, na Makhoja Waismaili kama Tharia Topan. Khoja mmoja wa Surat, Musa Mzuri, aliweka makazi yake Tabora, akamkaribisha mpelelezi Speke, akafa 1861. Vitabu vya shule vinasimulia pembe na watumwa wao. Walichokiwaza kuhusu ulimwengu hakitajwi.

Nacho kilikuwa kingi. Makhoja waliimba ginani, nyimbo za ibada walizohifadhi kichwani na katika hati ya Khojki. Ginani ya Das Avatar husimulia jinsi Vishnu anavyoshuka duniani mara kumi: anakuja kama samaki, kobe, nguruwe mwitu, baadaye Rama, Krishna, Buddha. Anayemfuata Buddha, wa kumi, ni Ali, mkwewe Mtume Muhammad. Sehemu hiyo ya mwisho ilisomwa kando ya kitanda cha mtu anayekata roho. Mwaka 1866, katika kesi ya mali ya jumuiya hiyo, jaji wa Bombay aliitumia kama ushahidi kwamba Makhoja ni Mashia wa Kiismaili, wala si Masuni. Ni nadra shairi la ibada kusaidia kuamua kesi ya mali!

Reli ilipofika Kigoma 1914, biashara haikutegemea tena wapagazi kama zamani, na maduka ya Wahindi yakazidi kuenea katika miji midogo ya bara. Wateja walipata kaniki, sukari, mafuta ya taa. Ginani ziliimbwa katika jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismaili, kwa lugha za Kihindi, na wasio wanajumuiya hawakuwa wasikilizaji wake. Karne ya 20 ilivyosonga, Waismaili wenyewe waliiweka Das Avatar kando na kusisitiza zaidi Uislamu wao. Ginani nyingine zingali zinaimbwa, Dar es Salaam na hata Toronto.