Kabla ya Dalali Kulikuwa na Msajili

Ukimlipa dalali wa Singida mjini hela ya mwezi mzima, juu yake kodi ya miezi sita, ujue haikuwa hivi siku zote. Aprili 1971 serikali ya Mwalimu ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wenyewe, wengi wao Wahindi, wengine wakajikuta wapangaji kwenye majengo waliyojenga. Iliuma, tusidanganyane. Msimamizi akawa Msajili wa Majumba, mpaka 1990 alipounganishwa na NHC. Kodi ilibanwa kisheria, wapangaji raha, ila majengo yakachoka: hela ya rangi ingetoka wapi? Sheria hiyo ikafutwa 2005. Ndo maana leo mwenye nyumba anajipangia tu bei. Mzee mmoja hapa mjini, hatumtaji, jengo la NHC bado analiita "la Msajili".