Darasa la kwanza la karate: mambo ya kujua kabla ya kwenda

Wengi wanaotamani kuanza karate huahirisha kwa sababu mbili: hawana sare, na wanaona miili yao bado haijawa tayari. Sababu hizo zisikuzuie. Sare hununuliwa baadaye, na mwili hutayarishwa na mazoezi yenyewe. Yasiyoweza kusubiri ni mengine: afya yako, usafi wako, na tabia ya mwalimu unayemkabidhi mwili wako au mtoto wako. Katika makala haya tunayaeleza hayo moja baada ya jingine.

Karate ilitoka wapi?

Karate ilikulia katika visiwa vya Okinawa, kusini mwa Japani, ambako mbinu za wenyeji zilichanganyika na zile zilizotoka China. Mwaka 1922 mwalimu Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Okinawa, aliionyesha mjini Tokyo, na baadaye ikasambaa duniani. Neno lenyewe maana yake ni "mkono mtupu", yaani mkono usio na silaha.

Iko mitindo mingi. Inayotajwa zaidi ni Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu. Anayeanza asisumbuke kuchagua mtindo. Darasa la karibu lenye mwalimu mwema ni bora kuliko mtindo wenye jina usioweza kuufikia kwa sababu ya nauli.

Kwanza mtazame mwalimu

Kabla ya kujiandikisha, omba ruhusa ukae pembeni siku moja utazame. Angalia kama wanafunzi hupasha mwili joto kabla ya mazoezi magumu, kama wageni hufundishwa polepole, na kama mwalimu husimamisha zoezi mtu anapoumia. Uliza ada ni kiasi gani, mtihani wa mkanda hulipiwa vipi, na mwalimu mwenyewe alifundishwa na nani. Mkanda mweusi kiunoni peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana mikanda huuzwa dukani kama nguo nyingine.

Mwalimu kuwa mkali si kosa. Kosa ni kuwapiga wanafunzi kama adhabu, kuwadhalilisha mbele ya wenzao, kuwazuia wazazi wasitazame, au kutaka kumfundisha mtoto peke yake mahali pa faragha. Mzazi ukiona hayo, mchukue mwanao uondoke, na usione haya.

Afya yako

Kama una pumu, kifafa, selimundu, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, au kama u mjamzito, pita kwanza zahanati uulize. Wengi wenye pumu hufanya mazoezi vizuri, ila dawa yao ya kuvuta iwe karibu na si nyumbani. Mwenye selimundu hatakiwi kuishiwa maji wala kujichosha kupita kiasi. Mwambie mwalimu hali yako kabla ya kuanza, si baada ya kuanguka. Mtoto asemewe na mzazi wake.

Chakula kizito kama ugali au wali kiliwe saa mbili au zaidi kabla ya darasa. Muda ukiwa mfupi, ndizi au uji mwepesi vinatosha. Beba maji safi ya kunywa.

Mavazi na usafi

Sare nyeupe ya karate huitwa gi. Siku ya kwanza, madarasa mengi hukubali suruali ya michezo na fulana. Suruali ya jinzi haifai kwa sababu hubana mguu unapouinua. Mazoezi hufanywa pekupeku, kwa hiyo njoo na ndala hadi mlangoni na uoshe miguu. Kata kucha za mikono na miguu, kwani kucha ndefu humchana mwenzako. Kidonda kifunikwe. Vua pete, hereni, bangili na mkufu.

Wasichana na wanawake wanaovaa hijabu wanaweza kufanya karate bila kuivua. Iwe ya kitambaa chepesi, isiyofungwa kwa pini. Feryal Abdelaziz wa Misri alishinda medali ya dhahabu ya karate katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, akiwa amevaa hijabu.

Adabu za ukumbini

Mahali pa mazoezi huitwa dojo, hata kama ni darasa la shule au uwanja wa kijiji. Mwalimu huitwa sensei. Fika robo saa mapema. Ukichelewa, simama pembeni hadi uitwe. Wanafunzi hupanga mstari kwa kufuata mikanda, na mwenye mkanda mweupe au asiye na mkanda hukaa mwishoni.

Utaona watu wakiinama wanapoingia na kabla ya kufanya zoezi na mwenzao. Baadhi ya waumini huuliza kama hiyo ni ibada. Kwa Wajapani, kuinama ni salamu ya heshima, kama shikamoo ilivyo kwetu. Katika madarasa mengine wanafunzi huinama pia kuelekea mbele, penye picha ya mwalimu mwanzilishi. Kama dhamiri yako ina shaka, zungumza na mwalimu mapema.

Maneno matatu yatakusaidia siku hiyo: rei ni amri ya kuinama, hajime ni anza, na yame ni acha. Ukisikia yame, acha papo hapo, hata kama ngumi imeshafika njiani. Neno hilo ndilo linalozuia watu kuumizana.

Utafanya nini?

Utapasha mwili joto, utajifunza kusimama, kukunja ngumi, kupiga ngumi ya mbele na pengine teke la mbele. Ngumi hukunjwa kwa kukaza vidole vinne, kisha dole gumba hulazwa juu yao kwa nje. Dole gumba likifichwa ndani linaweza kuvunjika. Usinyooshe kiwiko wala goti kwa nguvu hadi mwisho, kwa sababu kiungo huumia.

Anayeanza hapaswi kupambanishwa na mtu siku ya kwanza. Ukiambiwa upigane, una haki ya kukataa. Na ikitokea umegongwa kichwani, kisha ukatapika, ukasikia kizunguzungu, ukaumwa na kichwa au ukasahau kilichotokea, acha mazoezi na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kesho yake misuli itauma. Hilo ni la kawaida na hupungua baada ya siku chache. Kiungo kilichovimba, au maumivu makali yasiyokuruhusu kukanyaga, hayo si ya kawaida. Tafuta matibabu.

Usichotarajia

Wako wanaoanza karate kwa sababu ya hofu: njia ya kwenda kisimani au shuleni si salama, au wamewahi kuvamiwa. Sababu hiyo ni ya haki, na mazoezi humjenga mtu kujiamini. Lakini karate ya miezi michache haimfanyi mtu amkabili mwenye panga. Kukimbia, kupiga kelele na kutembea na wenzako bado ndizo kinga za kwanza, na mwalimu mkweli atakuambia hivyo. Akikuahidi kwamba baada ya wiki nne hakuna atakayekuweza, tafuta mwalimu mwingine.